Trafiki kamkamata mme wangu kalewa, matibabu naanzia wapi hapa Mbeya?

SWALI: Shikamoo dokta. Mme wangu ni dereva wa Coaster za Tunduma, mwezi uliopita trafiki wamempulizisha kipimo akakutwa kalewa, akalala ndani, faini tumelipa kwa hela ya kukopa kikoba. Tajiri kasema gari hampi mpaka alete uthibitisho kuwa anatibiwa. Mwenyewe anadai ataacha tu hapahapa nyumbani, ila asubuhi mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika, akishapata pombe yake ya komoni ndo anatulia. Wengine wananiambia kuna dawa za bure pale Rufaa, wengine soba hausi, zile nyumba za kukaa watu wanaoacha ulevi. Nimechanganyikiwa.
Mama wawili, Uyole

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Faini mmemalizana na mahakama, pombe bado ipo palepale, na huyo tajiri kawasaidia kuliko anavyojua.

Kwanza kabisa USIMWACHE aache ghafla nyumbani. Huko kutetemeka asubuhi kunakotulia akinywa maana yake mwili umeshazoea pombe, ukiikata ghafla ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege, alafu siku ya pili ya tatu akaanza kuweweseka na kuona vitu ambavyo havipo, na watu wanakufa hivyo huku ndugu wanasema karogwa. Hospitali wanampa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepamu, dozi inapunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Msiende kununua hiyo diazepamu dukani mkajipimia wenyewe, ikikutana na pombe inaweza kumkata pumzi.

Dawa za bure ulizoambiwa ni methadoni, kliniki yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya tangu 2017, ila ile ni ya watu wa heroini, pombe haitibiwi kwa methadoni. Nyie ulizeni kitengo cha afya ya akili hapohapo hospitalini. Anzieni kituo cha afya cha karibu au hospitali ya wilaya mpewe barua ya rufaa, na wewe nenda naye kwasababu wanywaji wengi wakiulizwa wanakunywa kiasi gani wanataja nusu. Jina la kitengo lisiwatishe, kwenda pale sio kuitwa kichaa.

Soba hausi inaweza kufuata baadae mwili ukishatulia. Kabla hujalipa nenda kaione, uliza kama imesajiliwa na daktari anapita lini, ukikuta watu wamefungwa minyororo au wanachapwa toka hapo.

Na akirudi kazini hata kinywaji cha usiku bado ni hatari kwa dereva wa alfajiri. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliweka kikomo cha miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu, na mwili unaitoa pombe pole pole sana, kama nusu chupa ya bia kwa saa, kahawa wala kuoga maji baridi haviharakishi, kwaiyo aliyekunywa sana mpaka saa sita usiku anaweza kushika usukani saa kumi na moja bado kalewa, na abiria wote wale nyuma wanateremka nae Mlima Iwambi.

Uthibitisho wa tajiri ni kadi ya kliniki yenye tarehe za mahudhurio, au muombe daktari barua. Mpeni kopi, orijino bakini nayo, maana trafiki pia wanaweza kuihitaji mkifuatilia leseni kama waliizuia.