Mwezi upi, mwanangu? Kwa mnaoanza uhadhiri wa sosholojia

Wadogo zangu mnaoanza kazi mwaka huu, hasa nyinyi wakufunzi wasaidizi mlioipata nafasi kwa GPA (wastani wa alama za shahada) ya 3.8 na kuendelea, hongereni sana. Nimefundisha sosholojia na kushika vyeo vya utawala chuoni kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa nikiwa Tabora. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani Kigoma. Ngazi za kupanda, kuanzia mhadhiri msaidizi hadi profesa mshiriki na profesa kamili, mtaelezwa na ofisi ya utumishi siku ya kwanza. Mimi nataka kuwaeleza jambo nililofundishwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, na mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa.

Nilikuwa nakusanya data za shahada ya uzamili. Kibali ninacho, barua ya mkoa ninayo, ya wilaya na ya kata pia, mwenyekiti wa mtaa kanipokea vizuri. Jua limeanza kupanda, dagaa wametandazwa, na mama yule kachuchumaa na kifagio kifupi, anawapindua polepole wasikatike vichwa, maana dagaa waliokatika hawapati bei. Nikamsomea maswali hadi nikafika lile la kipato: "Mama, kwa mwezi unapata shilingi ngapi?"

Hakuinua uso. "Mwezi upi, mwanangu? Wa giza au wa mbalamwezi?"

Kalamu ikasimama. Nimezaliwa mkoa huu. Nilijua tangu utotoni kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana vyombo hupumzika. Lakini nilipokaa mezani kutunga dodoso, niliandika mwezi wa mtu wa mshahara. Mama yule siku za giza hununua, huanika na huuza kwa wanaosafirisha kwa treni. Mbalamwezi ikiingia, anakopa unga dukani kwa ahadi ya giza lijalo. Ningeweza kupata wastani wa kipato chake, na kwenye jedwali ungependeza, lakini lile deni la unga lisingeonekana popote, na lile deni ndilo lililokuwa maisha yake.

Madodoso yote niliyokwisha kujaza niliyaweka kando. Nikaanza upya, safari hii nikienda siku za mbalamwezi, watu wakiwa wanashona nyavu na wana nafasi ya kuongea. Nilichelewa miezi mitano, na msimamizi wangu hakufurahi. Sijawahi kujutia miezi ile. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu: msitunge swali hata moja kabla hamjajua watu mnaowaendea wanahesabuje siku zao. Kaeni nao bila karatasi kwanza. Kibali kinakufikisha mwaloni, hakikufanyi uelewe unachoambiwa ukifika.

Kuhusu utawala nina neno zito zaidi. Nilipewa ukuu wa idara mapema mno, bado sijawa mhadhiri mwandamizi, nikakubali kwa kuwa niliona ni heshima. Miaka minne ikapita bila chapisho hata moja, kwa sababu vikao vya ratiba, mitihani na bajeti vilikula kila kitu. Wanapokaa kujadili kupandishwa kwako cheo wanatazama machapisho na ufundishaji, na mafaili uliyosaini hayana uzito huo. Ukipewa cheo mapema, omba kwanza umalize udaktari. Ukishindwa kukwepa, tenga asubuhi mbili kwa wiki za kuandika, uzilinde kama kipindi cha darasa.

Hata hivyo utawala ulinionyesha kitu. Nikiwa amidi, yaani mkuu wa kitivo, Februari moja ililetwa mezani kwangu orodha ya wanafunzi wasiotakiwa kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya ada. Nikasaini. Jioni ile kijana mmoja kutoka Urambo akanifuata koridoni, kashika kofia mkononi. Hakulalamika. Alisema tu, "Profesa, tumbaku ya baba bado iko kwenye mabani."

Nililala vibaya. Nilikuwa nimerudia kosa la Kibirizi, safari hii kwa saini. Ada kubwa tulikuwa tunaidai mwanzo wa mwaka wa masomo, Oktoba na Novemba, mvua zinapoanza na familia ya mkulima wa tumbaku haina akiba. Februari majani yanachumwa na kukaushwa kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia. Masoko ya tumbaku yanakuja miezi kadhaa baadaye, kisha chama cha msingi cha ushirika kinakata deni la pembejeo, na malipo yenyewe mara nyingi huchelewa. Kijana yule wazazi wake hawakumtupa. Sisi ndio tuliokuwa tunadai fedha ambazo bado ni majani.

Asubuhi niliiondoa saini yangu, kisha nikaomba ofisi ya uhasibu inipangie wadaiwa kwa wilaya. Urambo, Kaliua na Sikonge zilijaa. Nikaandika pendekezo kwamba awamu kubwa ya ada kwa familia za wakulima isogezwe hadi baada ya mauzo. Kamati ya fedha ilikataa. Niliporudi muhula uliofuata na jedwali la wadaiwa likiwa limewekwa sambamba na miezi ya kilimo, walikubali kwa majaribio. Nimeandika makala kadhaa maishani mwangu, lakini jedwali lile la ukurasa mmoja nalihesabu kuwa kazi yangu bora ya sosholojia, ingawa halikuchapishwa popote.

Kijana wa Urambo alifanya mitihani yake.

Mnaokuja Kigoma kukusanya data muhula huu, nitafuteni kabla hamjakata tiketi ya treni. Nitawaambia giza linaanza lini.