Barua Mbili Zilizopishana Njiani

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: rafiki yake aliye ng'ambo kasoma ujumbe, siku ya tatu hii hajajibu, je, amfute? Swali hilo limenikosesha usingizi, maana kosa hilo nimeshalifanya, tena kwa barua yenye stempu.

Rafiki yangu wa kalamu nilimpata nikiwa na miaka 14, kupitia International Youth Service, ile ofisi ya Turku, Ufini, iliyounganisha vijana tangu 1952 hadi ilipofungwa 2008. Unajaza fomu, unaletewa jina na anwani, basi. Tuliandikiana miaka sita. Tulipenda erogramu, karatasi ile nyepesi ya bluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Kwa kuwa kutia kitu ndani hairuhusiwi, yeye alijaza kila upenyo, mpaka kwenye kingo za gundi, herufi ndogo kama chembe za mchanga. Nilikuwa nikiifungua kwa wembe, polepole, nisije nikakata neno. Fedha zilipompungukia nilimtumia kwa bahasha kuponi ya majibu ya kimataifa, ile iliyoanzishwa na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1906, akabadilishe kwa stempu za kwao.

Mwaka wa sita akanyamaza. Miezi minne! Nikaandika kurasa mbili za lawama, nikazituma siku hiyohiyo. Siku ya pili yake barua yake ikaingia. Baba yake amefariki. Tarehe ya juu ilionyesha ameiandika wiki tano nyuma.

Niliandika nyingine ya pole na kuomba radhi, lakini ya lawama ilishatangulia. Akajibu mistari mitatu. Hakuandika tena. Miaka yote hii, bado inaniuma.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kudumu na marafiki wa mbali, wapeni nafasi. Anayeandika barua aweke tarehe na azipe namba, zikipishana ijulikane ipi inajibu ipi. Sisi tarehe tuliweka, namba hatukuweka. Jibu maswali ya mwenzio kabla ya kumwaga habari zako. Na mpe nafasi, narudia. Usimhukumu mtu ambaye hujui leo kaamkaje.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usimfute. Mwulize kama nyumbani kwao ni wazima, kisha usiongeze neno.