Maswali yenu: Mbona kwenye riwaya za mauaji za enzi za akina George hakuna polisi?

Safari hii barua karibu zote zimekuja na mada moja, riwaya za mauaji za Uingereza ya zamani, zile za malodi na madansi na magari ya farasi. Ni enzi za wafalme wanne walioitwa George waliofuatana kuanzia 1714 mpaka 1830, na wengi wenu mnapenda kile kipande cha 1811 hadi 1820 ambapo George wa tatu alikuwa mgonjwa wa akili na mwanae akawa anatawala kwa niaba yake. Na mimi nazipenda mno, kwahiyo twende.

Shikamoo mhariri. Kuna kitu kinanikera kwenye hizi riwaya. Lodi kauawa maktaba kwake, ukumbini watu wanacheza, alafu anayepeleleza ni mjane kijana au dada wa marehemu. Polisi wako wapi? Si mwandishi anatuzuga tu?

Marahaba. Hakuzugi hata kidogo, na hapo ndo utamu wote ulipo. London haikuwa na jeshi la polisi mpaka 1829 Robert Peel, waziri wa mambo ya ndani, alipolianzisha. Kabla ya hapo kila parokia ilikuwa na makonstebo wake na walinzi wa usiku, wengi wao watu wazima wenye taa na fimbo, basi. Mwaka 1749 hakimu mmoja wa mtaa wa Bow Street, Henry Fielding, ambaye pia alikuwa mwandishi wa riwaya, akakusanya kikundi kidogo cha watu wa kukamata wahalifu, na alipofariki ndugu yake wa baba mmoja, John, aliyekuwa kipofu, akakiendeleza. Hao watu wa Bow Street ungeweza kuwakodi ukiwa na hela. Na kesi yenyewe kwa kawaida serikali haikuifungua, ni aliyetendewa au ndugu zake ndo watafute mashahidi, waende kwa hakimu, washtaki. Sasa huyo dada wa marehemu unayemshangaa, asipohangaika yeye nani ahangaike?

Alafu fikiria mtu wa Bow Street anaingia kwenye jumba la duke, yaani lodi wa ngazi ya juu kabisa. Atapitishwa mlango wa watumishi, atasimama na kofia mkononi, na duchess, mke wa duke, hana sababu yoyote ya kumjibu. Lakini mwanamke aliyekaa nae meza moja ya karata anaweza kumuuliza chochote huku anagawa karata, na anajua nani anadaiwa na nani, nani kakataliwa kuingia Almack's, ile kumbi ya King Street ambako huingii mpaka wale mabibi wakubwa wakukubali. Hiyo elimu hakuna konstebo aliyekuwa nayo. Kwahiyo ukikuta riwaya ambayo huyo mpelelezi wa kike anapata majibu kwa kuruka madirisha tu na sio kwa kujua watu, hapo ndo una haki ya kulalamika.

Na haraka ile unayoiona kwenye kurasa za mwisho sio chumvi. Kuanzia 1752 sheria ilisema muuaji anyongwe keshokutwa baada ya hukumu, labda iangukie Jumapili, na wakili wa mshtakiwa wa kosa kubwa hakuruhusiwa kuliambia baraza la mahakama, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, hoja zake za utetezi mpaka 1836. Mtu aliyemuua waziri mkuu Spencer Perceval pale bungeni tarehe 11 Mei 1812 alinyongwa tarehe 18 mwezi huohuo, wiki moja tu imeisha kila kitu. Sasa weka mtumishi asiye na hatia kwenye nafasi hiyo uone moyo unavyoenda mbio.

Kwa upande wa pili, kumbuka mauaji ya Ratcliffe Highway, Desemba 1811, watu saba wa nyumba mbili. London nzima ilitetemeka. Akakamatwa baharia anaitwa John Williams, akakutwa kajinyonga selo kabla hajahukumiwa, wakubwa wakasema basi amekiri, wakatembeza maiti yake barabarani juu ya mkokoteni. Kesi ikafungwa hivyo, ushahidi mwembamba kabisa. Mwandishi akikaa na hilo tukio peke yake ana riwaya tatu.

Ni kweli lodi alikuwa hanyongwi hata akiua?

Sio kweli. Lodi alihukumiwa na malodi wenzake, hiyo ndo tofauti, lakini Earl Ferrers alimpiga risasi msimamizi wa mali zake Januari 1760, akashtakiwa mbele ya Baraza la Malodi, na tarehe 5 Mei akanyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea watu wa London, mbele ya umati mkubwa akiwa kavaa suti yake ya harusi. Maiti ikapelekwa kwa madaktari wa upasuaji kama ya muuaji mwingine yeyote.

Ila miaka mitano baadae Lord Byron, sio yule mshairi, huyu ni aliyemtangulia kwenye cheo, alimchoma upanga jirani yake William Chaworth kwenye baa moja ya mtaa wa Pall Mall, London, baada ya kubishana kuhusu wanyama wa kuwinda wa mashambani kwao. Malodi wakasema sio mauaji ya kukusudia, akalipa ada akaenda zake nyumbani. Ndo maana napenda riwaya ambayo lodi hajui atapata bahati ya nani kati ya hao wawili.

Kila kitabu sumu, kila kitabu sumu. Kwa nini?

Kwa sababu aseniki iliuzwa wazi kama dawa ya panya, na dalili zake zinafanana na ugonjwa wa tumbo wa kawaida. Kipimo cha kuaminika cha kuigundua mwilini alikileta mkemia James Marsh 1836. Mary Blandy alinyongwa 1752 kwa kumwekea baba yake kwenye uji, na walioanza kumshtukia ni watumishi waliokuta unga mweupe umetuama ndani ya sufuria. Daktari akapitisha huo unga kwenye chuma cha moto akanusa harufu ya kitunguu saumu! Kwahiyo riwaya ya 1812 ikikuletea daktari mwenye majibu ya maabara yasiyo na shaka, mwandishi amekosea mwaka.

Siku hizi waandishi wanaweka watu weusi kwenye hizo stori. Walikuwepo kweli au ni fasheni?

Walikuwepo. Dido Elizabeth Belle, mama yake Mwafrika aliyekuwa mtumwa, alilelewa Kenwood, jumba la kifahari karibu na London, kwenye nyumba ya Lord Mansfield, jaji mkuu wa Uingereza, huyohuyo aliyetoa hukumu ya kesi ya Somerset 1772, iliyosema mtumwa hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu. Ignatius Sancho alizaliwa utumwani, akawa mkuu wa watumishi wa familia kubwa, baadae akafungua duka lake Westminster na akapiga kura uchaguzi wa 1774. Alafu angalia hela yenyewe ya hizo familia, nyingi ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1807 lakini utumwa wenyewe uliendelea kwenye makoloni, sheria ya kuuondoa ilipita 1833. Mimi naona riwaya inayomuua lodi wa sukari bila kugusa sukari imeruka sababu nzito kuliko zote za kumuua, na hawa wahusika weusi nataka niwaone wakiwa na siri zao na akili zao, sio kusimama tu na sinia.

Nianze na kitabu gani kwenye mfululizo?

Cha kwanza, tafadhali. Hizi familia zinaendelea kitabu hadi kitabu, ukidaka cha tano utakuta mjane kaolewa tena na aliyemuua mumewe kashatajwa ukurasa wa pili.