Albendazoli kwa tegu wa kwenye ubongo: msianze wenyewe

Pole dada kwa kumuuguza kaka yako hapo Kongwa. Umeuliza kama mnaweza kumnunulia albendazoli, ile dawa ya minyoo, duka la dawa, maana picha ya CT imeonyesha vifuko vya tegu (mabuu ya mnyoo huyo) kwenye ubongo na daktari kampa kwanza dawa za kifafa na prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe. Tafadhali msinunue.

Kidonge kimoja cha miligramu 400 tunachomeza kwa minyoo ya tumbo hakitoshi huku. Kwa ubongo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 10 hadi 14, na vifuko hai vikizidi viwili huongezwa prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo. Sasa, mdudu aliye ndani ya kifuko akifa, ubongo unavimba kumzunguka, na hapo ndipo mtu huanguka kifafa zaidi au hata kupoteza fahamu. Ndiyo maana prednisoloni inatangulia. Daktari hawacheleweshi ninyi, anamlinda kaka yako. Ubongo ukiwa umeshavimba sana, dawa ya minyoo husubiri kabisa. Vifuko vilivyogeuka chokaa haviihitaji, ila kifafa kitibiwe. Ombeni apimwe macho pia kabla ya kuanza, kwani kifuko kikiwa ndani ya jicho dawa inaweza kumpofusha.

Na hao wanaomsema kwa kula kitimoto wamwache. Nyama ya nguruwe isiyoiva huleta tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, yakafika mdomoni kwa mikono, mboga au maji. Asiyegusa nguruwe naye hupata. Wote mnaokula naye nyumbani mkapimwe choo.