Jibu: Julai na watoto Unguja, sinema na muziki

Wa alaykum salaam ndugu yangu, karibu.

Nimekuelewa hivi: mnatoka Dodoma na watoto watatu, siku nne za mwezi wa saba, mnataka pwani, sinema, na yule mkubwa anataka kuliona tamasha la muziki la Sauti za Busara. Hilo la mwisho ndilo linalokukwamisha. Busara ni ya Februari. Tamasha la filamu, ZIFF, ndilo la majira ya kipupwe, ila tarehe zake huhama, mwaka mmoja Juni, mwaka mwengine Julai au hata Agosti. Kwa hiyo kabla hujalipa tiketi ya boti, tazama ratiba yao kwanza. Mimi nililipa kwanza, nikafika watu wanakunja viti.

Filamu zikioneshwa Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe, mnakaa nje kwenye ngazi za mawe. Chukueni kanga za kukalia na sweta za watoto, usiku kuna upepo. Muziki nao huwapo humo humo usiku wa tamasha. Wakilia njaa, Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku, ni mbele ya lango tu. Wapeni urojo kwanza, mishikaki baadaye.

Pwani nendeni Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Paje, upande wa mashariki, maji yakitoka yanakwenda mbali, watoto watabaki na mchanga na mwani.

Boti pandeni ya asubuhi. Upepo wa kusi ukishika bahari inachafuka, na mtoto wenu mdogo huyo wa miaka minne usimshibishe chai ya maziwa kabla ya safari.