Kibao cha duka: stationery au stationary?
Ndugu muulizaji, kibao cha duka linalouza karatasi, kalamu na madaftari kinapaswa kuandikwa "stationery", kwa kuwa "stationary" ni sifa ya kitu kisichosogea, kama gari lililosimama barabarani. Maneno haya hutamkwa sawa, na ndiyo maana hata waandishi wa mabango huyachanganya. Asili yake ni moja: wauza vitabu wa Ulaya ya zama za kati waliokuwa na kibanda cha kudumu, tofauti na wachuuzi waliozunguka, waliitwa kwa Kilatini stationarii, na chama chao cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1557. Ukisita, kumbuka kwamba "paper" huishia na "er", herufi zilezile zilizomo ndani ya "stationery".