Jani Moja, Michoro Arobaini: Kwa Anayeanza Kusomea Ubunifu wa Nakshi za Vitambaa

Wanaoanza kusomea ubunifu wa vitambaa huniuliza mara kwa mara ni wapi ninapopata mawazo. Mimi pia niliuliza swali hilo nilipokuwa mwaka wa kwanza, na mwalimu wangu wa michoro hakunijibu kwa maneno. Alichukua jani lililotobolewatobolewa na wadudu, akaliweka mbele yangu, akaniagiza nilichore mara 40 kabla ya kipindi cha wiki iliyofuata. Nilidhani ananiadhibu. Michoro kumi ya mwanzo ilikuwa ya jani kama kila mtu anavyolijua, yaani jani lililokuwa kichwani mwangu, wala si lile lililokuwa mezani. Nilipofika mchoro wa kumi na tano hivi nilianza kuchoka, na kwa sababu nilikwisha kuchoka kuchora jani lenyewe, nikaanza kuchora matundu yake: moja limekaa kama figo, jingine limechongoka, matatu yamefuatana kando ya mshipa kana kwamba yalipangwa. Wiki ilipokwisha nilikuwa na karatasi zilizojaa maumbo ambayo hakuna ambaye angetambua kuwa yametoka kwenye jani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usikae ukisubiri wazo ndipo uanze kuchora, kwa maana katika kazi hii wazo huja likiwa limechelewa, baada ya mkono kupita mahali pale pale mara nyingi. Usianze pia kwa kukusanya picha za nakshi zilizokwisha kukamilika kwenye intaneti. Nakshi iliyokamilika imekwisha kuamuliwa na mtu mwingine ukubwa wake, nafasi zake na rangi zake, na ukianzia hapo utajikuta unabadilisha vitu vidogo tu kwenye uamuzi usio wako. Sonia Delaunay, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1885, alishona vipande vya vitambaa mwaka 1911 ili kumtengenezea mwanawe mchanga blanketi ya kitandani, na ni katika kuvipanga vipande hivyo ndipo alipouona mtindo wa maumbo na rangi ambao baadaye aliuendeleza katika michoro na vitambaa vyake. Mikono yake ilikuwa ikishughulika na jambo jingine kabisa.

Kuhusu daftari la michoro nitasema machache. Lisiwe zuri. Daftari langu la kwanza lilikuwa na jalada gumu na karatasi nene, na kwa sababu hiyo nililiogopa, likakaa tupu miezi miwili. Nilipohamia kwenye karatasi za kawaida nilizozibana pamoja, nilianza kuchora kila siku. Andika tarehe kwenye kila ukurasa, taja kitu ulichokuwa ukikitazama, na ubadilishe vifaa kabla mkono haujazoea: brashi na wino leo, makaa kesho, halafu mkasi na karatasi nyeusi pasipo kuchora kwanza kwa penseli. Mkasi ninaupenda kupita vyote, kwa kuwa hauruhusu mistari ya kusitasita. Umbo lililokatwa lina ukingo mmoja tu, nao ni lazima uuamue hapo hapo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona wengi hulifikia wakiwa wamechelewa, nami nilikuwa mmoja wao: mchoro mzuri si nakshi. Nakshi ya kitambaa ni kipande kinachojirudia, na kinachoonekana kwenye kitambaa ni uhusiano kati ya marudio hayo, zaidi ya umbo lolote lililomo ndani ya kipande kimoja. Njia bora ya kulielewa hili ni ya karatasi na mkasi, hata kama programu ya kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika moja. Chukua karatasi ya mraba na uchore katikati yake pasipo kugusa ukingo wowote. Ikate kwa wima katikati, uhamishe nusu ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto, kisha uziunganishe kwa utepe wa gundi upande wa nyuma. Halafu ikate kwa mlalo, ubadilishane nusu ya juu na ya chini vivyo hivyo. Utaona kwamba mchoro wako umesukumwa kwenye pembe nne na katikati pamebaki uwazi. Uchore uwazi huo, tena pasipo kugusa ukingo. Ukimaliza, kila ukingo utaoana na ule wa upande wa pili, na kipande kitaweza kujirudia pande zote bila mshono kuonekana.

Uwazi unaobaki katikati baada ya kukata ndio mwalimu mwenyewe. Hapo utagundua kwamba maumbo uliyoyachora kwanza yana haja ya majirani, na kwamba jirani anayefaa mara nyingi ni umbo dogo lisilo na majivuno, ambalo usingelichora kamwe kama lingekuwa peke yake. Matundu ya jani langu yalipata kazi hapo. Maumbo makubwa niliyoyatangulia kuyachora yalikuwa yakigombana, na matundu yakaingia katikati yao kama watu wa kusuluhisha.

Nakshi yangu ya kwanza kuchapishwa ilikuwa na urefu wa mita tatu, na niliilaza sakafuni nikiwa na furaha kubwa. Kipande kimoja kilipendeza, lakini mita tatu zilionyesha ukanda mweupe uliokatiza kitambaa chote kwa mshazari, mahali ambapo nafasi ndogo ndogo kati ya maumbo zilikutana na kufuatana. Vichochoro vya namna hii havionekani kwenye kipande kimoja hata ukikodoa macho. Ndiyo maana sasa sichapishi chochote kabla ya kukirudia angalau mara tisa, safu tatu kwa safu tatu, na kukitundika ukutani, nikasimama mbali huku nimefumba macho nusu. Baadaye hukigeuza juu chini, kwa sababu macho yakizoea umbo huanza kulisamehe. Kinachoruka mbele ya macho kabla ya vingine, iwe doa jeusi, kona kali au uwazi mpana, ndicho kitakachoonekana kwenye kitambaa kama safu ya askari.

Namna ya kurudia nayo hubadilisha mambo mengi. Marudio ya moja kwa moja huweka kila kipande sambamba na jirani zake. Marudio ya matofali husogeza kila safu ya mlalo nusu ya upana wa kipande. Na marudio ya kushusha nusu huteremsha kila safu wima nusu ya urefu wa kipande, jambo linalovunja mistari ya mlalo na kuficha mshono kuliko njia nyingine. Ukiongeza kugeuza, kuzungusha na kuakisi, njia za kujaza eneo bapa kwa marudio bado hazizidi makundi 17, kama alivyothibitisha Fedorov, mtaalamu wa fuwele wa Urusi, mwaka 1891 na, kwa njia yake mwenyewe, mwanahisabati Pólya mwaka 1924. Huna haja ya hesabu zao ili kufaidika. M. C. Escher, msanii wa michoro wa Uholanzi, alikwenda kuzitazama nakshi za vigae vya kasri la Alhambra nchini Hispania mwaka 1922, akarudi mwaka 1936 na kuzinakili kwa mkono, na kazi zake za maumbo yanayojazana zilishika kasi baada ya safari hiyo ya pili. Nawe chukua umbo moja tu, ulizungushe robo, ulizungushe nusu, uliakisi, uliakisi huku ukilisogeza, na ubandike kila jaribio kwenye karatasi yake. Jioni moja ya zoezi hilo hutoa mengi kuliko wiki nzima ya kusaka mawazo.

Vipimo viulize mapema. Silinda za uchapaji wa mzunguko zinazotumika sana viwandani zina mzingo wa takriban sentimita 64, hivyo urefu wa marudio hupangwa uwe 64, 32 au 16, au kipimo kingine kinachogawanya mzingo huo sawasawa. Katika uchapaji wa skrini, yaani wavu unaopitisha rangi mahali palipoachwa wazi tu, kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ni gharama. Uchapaji wa kidijiti umeondoa vizuizi hivyo kwa kiasi kikubwa, nami nautumia, lakini namsihi anayeanza ajifunge mwenyewe kwa rangi tatu kwa muhula mzima. Mwenye rangi tatu hulazimika kutafuta rangi ya nne kwa kupishanisha, kwa vistari, kwa nukta, au kwa kuuachia uso wa kitambaa uonekane.

Kuhusu rangi, kisa ninachokirudia kila mara ni cha Michel Eugène Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa aliyepewa usimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins jijini Paris mwaka 1824. Alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilizotumika kwenye vivuli vya buluu na zambarau zilikuwa hafifu. Alipozilinganisha na nyeusi za karakana nyingine hakuona kasoro katika dawa ya rangi. Tatizo lilikuwa rangi za jirani, zilizoubadilisha weusi huo machoni mwa mtazamaji. Tangu niliposoma kisa hicho sichagui rangi ikiwa peke yake. Hupaka karatasi, nikazikata vipande na kuvilaza kando kando kwa viwango vitakavyokuwepo kwenye nakshi yenyewe: kipande kikubwa cha rangi itakayotawala, utepe mwembamba wa rangi itakayochungulia. Kisha huvipiga picha na kuibadilisha picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikigeuka kijivu kimoja, hata kama ni nyekundu na kijani, maumbo yake yatamezana ukisimama mbali. Wala usiiamini skrini ya kompyuta, kwa sababu yenyewe hutoa mwanga ilhali kitambaa huupokea. Chapa kipande cha majaribio kwenye kitambaa kile kile kitakachotumika, ukitazame dirishani na chini ya taa.

Kitambaa nacho hakikai bapa, ingawa tunakibunia kwenye meza iliyo bapa. Kitakunjwa, kitaning'inizwa, kitakatwa na kushonwa. Maua yote yakisimama wima kuelekea upande mmoja, fundi hataweza kugeuza vipande vyake wakati wa kukata, na kitambaa kingi kitapotea. Hilo si kosa ikiwa umelikusudia, lakini wengi wetu huligundua fundi anapolalamika. Chapa nakshi kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, ujifunike nayo mbele ya kioo. Mimi karibu kila mara hukuta nimechora kubwa mno au ndogo mno. Na ikiwa nakshi itafumwa badala ya kuchapwa, umbo lazima likubali kuzaliwa kutokana na mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na zile za upana zinazopishana nazo. Anni Albers, aliyeingia Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, mwaka 1922 na kujikuta katika karakana ya ufumaji ambayo hakuichagua kwa moyo wote, alikuja kuwa miongoni mwa wafumaji wakubwa wa karne ya 20, na kazi zake zinaonyesha jinsi mpishano wa nyuzi wenyewe unavyoweza kuwa nakshi.

Nilisema usianzie kwenye kazi za wengine, lakini sikusema usizitazame. Zitazame ukiwa tayari na tatizo mkononi, kwa maana hapo utaona walivyolitatua. William Morris, mbunifu wa Uingereza, alipobuni karatasi yake ya ukutani ya Trellis mwaka 1862, ndege waliomo walichorwa na rafiki yake Philip Webb. Mtu aliyekuja kuwa bingwa wa nakshi hakuona aibu kuomba mkono wa mwenzake. Maija Isola alibuni maua makubwa ya Unikko mwaka 1964, ingawa mwasisi wa Marimekko, kampuni ya vitambaa ya Ufini, Armi Ratia, alikuwa ametangaza kwamba kampuni yake haitachapa maua. Makumbusho mengi yameweka vitambaa vyao mtandaoni, na Metropolitan Museum of Art ya New York iliruhusu mwaka 2017 picha za kazi zake zisizobanwa na hakimiliki zitumike bila malipo. Nakili kwa mkono ili ujifunze, uandike neno «nakala» kwenye kona ya karatasi, na nakala hizo usizichanganye na kazi utakazowaonyesha waajiri. Nakshi za jamii fulani zina maana na wenyewe. Uliza kwanza, na ukiruhusiwa kuzitumia, taja zilikotoka.

Siku ambazo mkono unakataa zipo, na sijapata dawa yake nzuri kuliko kufanya kazi ya chini: kukata karatasi za rangi, kusafisha michoro iliyoingizwa kwenye kompyuta, au kuandaa nakshi ndogo za kusindikiza ile kuu, kwa kuwa mkusanyo wa vitambaa huhitaji pia mistari, nukta na uwazi wa kupumzisha macho. Usitupe karatasi ulizozikataa. Zipange kwa tarehe, uzifungue kila mwisho wa muhula. Nilipokuwa mwaka wa tatu na nina siku chache tu za kukamilisha mkusanyo wangu, nilirudi kwenye ile michoro 40 ya jani. Mchoro wa 31, niliokuwa nimeukatia mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba haufai, ulikuwa na matundu matatu tu na mshipa mmoja uliopinda. Niliukata kwa wima, nikaugeuza nusu moja, nikauunganisha.